David Bryant: bingwa wa dunia na miaka 56

Kwetu Luano, mucheza mupira akifika miaka 31, jirani wanaanza kumwambia: « Ee baba, achia sasa watoto. » David Bryant, Mwingereza wa muji mudogo wa Clevedon, alikuwa na miaka 31 wakati alipata zahabu yake ya kwanza kwenye Michezo ya Commonwealth, kule Perth, Australia, mwaka wa 1962.

Mchezo wake unaitwa bowls. Wengi wetu tunajua pétanque: unarusha mupira wa chuma, unaanguka karibu na kale kadogo. Bowls ni ndugu yake, lakini mupira haurushwi, unaviringishwa juu ya majani yaliyokatwa fupi sana. Tena umetengenezwa kusudi usiende sawasawa: ukianza kupunguza mbio, unapinda upande mumoja. Mwenyi nguvu peke yake hapati kitu. Inaomba jicho, mukono mupole na uvumilivu. Vitu hivi vitatu haviishi pamoja na ujana.

Bryant alikuwa mwalimu wa masomo. Kwenye Commonwealth alishinda katika mchezo wa mutu mumoja mara ine: 1962, 1970, 1974 na 1978. Mutauliza: na 1966? Mwaka ule michezo ilifanyika Kingston, Jamaica, na bowls haikuwekwa mu programu. Lakini mwaka uleule shampiona ya kwanza ya dunia ilifanyika Australia, na yeye njo aliibeba. Akairudia 1980, tena 1988 kule Auckland, New Zealand, akiwa na miaka 56. Watu walimujua kwa kiko chake mudomoni. Alifariki mwaka wa 2020, na miaka 88.

Kwa nini bowls haikutuzoea huku? Waingereza waliibeba kwenye makoloni yao. Zambia, pale ng'ambo ya Kasumbalesa, imekwisha kutuma wachezaji wake kwenye Commonwealth. Huku walikuwa Wabelgiji. Mupaka ni mumoja, lakini kila upande ulirizi michezo yake.

Hatusemi Luano ipande majani kesho. Tunasema hivi: tumezoea kuhesabu mucheza kwa miguu yake tu, miguu ikichoka, tunamuachilia. Kumbe kuna michezo yenye kungojea mutu akomae. Pétanque haiombi majani, inaomba paka udongo. Na udongo, hapa kwetu, haukose.