Utata wa "Kipaza Sauti" katika Kurekodi Nyumbani

Neno "kipaza sauti" limezoeleka kwa vyombo viwili vyenye kazi zilizo kinyume: kimoja hugeuza sauti kuwa umeme, kingine hugeuza umeme kuwa sauti. Kwa mtu mwenye fedha kidogo atakaye kurekodi nyumbani, utata huu si wa vitabuni tu; aweza kununua kisichomfaa. Twaona afadhali cha kwanza kiitwe "maikrofoni" na cha pili "spika", maneno ambayo tayari yamo vinywani mwa mafundi. "Kinasa sauti" libaki jina la chombo kihifadhicho sauti, kazi ambayo simu ya mkononi yaiweza kwa kuanzia. Fedha iliyopo inunue maikrofoni. Mwangwi wa chumba hupunguzwa kwa mablanketi mazito yaliyotundikwa ukutani, nayo hayahitaji istilahi mpya.