Pendekezo na Jaribio: Nani Hupimwa Anapoomba Kazi?

Tangu migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilipoanza kuzalisha dhahabu, wa kwanza mwaka 2000 na wa pili mwaka 2001, kijana wa Geita au Kahama amalizaye shule hupewa mashauri mawili. Mwalimu humhimiza kuongeza bidii katika hesabu; jirani humwambia atafute mtu wa kumshika mkono. Mashauri hayo yanawakilisha njia mbili za kuchagua wafanyakazi: jaribio la uwezo na pendekezo la mtu. Je, njia hizo zinapokutana, ipi huiathiri nyingine?

Jaribio la uwezo ni mkusanyiko wa maswali mafupi yanayojibiwa kwa muda maalumu. Mtahiniwa husoma majedwali, hukamilisha mfuatano wa namba, au hutambua umbo lililogeuzwa. Shabaha si kujua amekariri nini, bali ana wepesi gani wa kujifunza. Pendekezo, kwa upande wake, hubeba habari zisizoonekana katika karatasi: uaminifu, kuwahi kazini, utulivu wakati wa hatari. Katika maduara ya wachimbaji wadogo, ambamo mtu huteremka akitegemea kamba na wenzake walio juu, habari hizo ni suala la uhai. Kwa hiyo pendekezo si ovu kwa asili yake.

Wanasaikolojia wamejaribu kulinganisha njia hizo kwa kipimo ambacho 0 ni sawa na kubahatisha na 1 ni utabiri usiokosea. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter waliyapa majaribio ya uwezo 0.51, na taarifa za wadhamini 0.26. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake waliirudia hesabu hiyo, na majaribio yakashuka hadi 0.31. Sababu kubwa ilikuwa ugumu mmoja: utendaji wa kazi hupimwa kwa walioajiriwa tu, na wale waliobaki nje inabidi wakisiwe.

Ugumu huo ndio kiini cha suala letu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mgodi unahitaji wanagenzi 10 wa ufundi wa mitambo. Vijana 200 wa vijiji vya jirani wangependa kuomba, na 50 kati yao wana uwezo unaotakiwa. Lakini habari za nafasi hizo hupita kwa kujuana, nao wanaofika ni 40, wenye uwezo wakiwa 12. Hata jaribio likiwachagua 10 walio bora bila kosa, vijana 38 wenye uwezo hawakupimwa kabisa. Ofisini itaonekana kwamba jaribio limefaulu, kwa maana wote walioajiriwa wanafaa. Kasoro haimo katika mizani. Imo katika mlango wa kuiendea mizani.

Mlango huo nao una upendeleo wake. Nchini Malawi, wachumi Lori Beaman, Niall Keleher na Jeremy Magruder waliwapima waombaji wa kazi ya kukusanya takwimu, kisha wakawataka walete wenzao. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba wanaume walioachiwa hiari walileta wanawake wachache, ingawa walipotakiwa kuleta wanawake waliweza kuwapata wenye sifa.

Aidha, pendekezo huweza kuingia ndani ya alama zenyewe. Mwenye ndugu kazini huelezwa mapema namna ya maswali na jinsi ya kugawa muda. Kwa kuwa mazoezi huongeza alama, sehemu ya ushindi wake si uwezo, bali ni matayarisho.

Historia ya dhahabu barani Afrika inatoa onyo kali zaidi. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Simon Biesheuvel wa Afrika Kusini alitumia majaribio ya vitendo kuwapangia kazi wachimbaji Waafrika. Maelekezo yalitolewa kwa filamu isiyo na sauti, kwa kuwa wachimbaji walizungumza lugha nyingi. Ubunifu huo ulikuwa mkubwa. Lakini sheria ya mwaka 1926 ilikuwa imekwisha wazuia Waafrika kupata vyeti vya kazi za ustadi migodini. Aliyepata alama za juu kabisa hakuweza kuvuka mpaka huo. Pale mlango ulifungwa kwa sheria. Penginepo hufungwa kwa kimemo.

Dawa yake inafahamika kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Katika mitihani ya taifa ratiba hutangazwa kwa wote, na mtahiniwa huandika namba badala ya jina. Waajiri nao wanaweza kutangaza nafasi hadi vijijini, kumpa kila mwombaji mifano ya maswali, kusahihisha kwa namba, na kufungua barua za wadhamini baada ya alama kuandikwa. Hapo pendekezo litatoa ushahidi wa tabia, nalo jaribio litatoa ushahidi wa uwezo. Kabla ya kuuliza kama jaribio ni sahihi, hapana budi kuuliza ni nani aliyeruhusiwa kulifanya.