Bukavu: Kuku wa mtoto akifa, nani atampa pole?

Katika nyua zilizobanana za Ibanda, kuku hulala karibu na watu. Mtoto humlisha mabaki ya bugali, humpa jina, naye kuku huzoea kumfuata hadi mlangoni. Kisha asubuhi moja anakutwa chini, shingo imepinda.

Mara nyingi muuaji ni Newcastle, ugonjwa ambao Watanzania huuita mdondo au kideri. Huweza kuingia na kuku mgeni aliyenunuliwa sokoni, na ukaua karibu banda zima kwa siku chache. Tiba hakuna. Chanjo ipo: ile ya I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3 hadi 4.

Mtoto akilia, wakubwa hucheka: si kuku tu? Hawakosei kabisa, maana kuku ni mboga na ni pesa ya shule. Ila Kivu hii hii iliwahi kumlilia mnyama bila aibu. Septemba 26, 2021, gorila Ndakasi alikufa Rumangabo, Virunga, mikononi mwa André Bauma, mlinzi aliyemtunza tangu mama yake alipouawa mwaka 2007. Picha yao ya mwisho ilizunguka dunia, na watu wakampa Bauma pole.

Kuku wa Newcastle hatakiwi kuliwa, kuuzwa wala kutupwa mtaroni. Huzikwa kwenye shimo refu au huchomwa. Kwa hiyo shimo litachimbwa tu. Mtoto aitwe, asimame pembeni, amtaje kuku wake kwa jina.