Je, ni aleji ya karanga kweli?

Hapa kambini neno aleji limeshakuwa wimbo. Mtoto akijikuna, aleji. Akitoka vipele, aleji. Sisi walimu wa kujitolea tunaliona hasa kwenye karanga: kuna wazazi wanakataa hata ile pakiti ya siagi ya karanga ya watoto wenye utapiamlo, eti kuna ndugu ng'ambo alipimwa damu akaambiwa ana aleji. Basi mtoto aliyekonda ananyimwa chakula kinachomponya. Ndiyo maana tumeona tueleze vipimo hivi vinasema nini.

Aleji ni askari wa mwili kukosea adui. Askari hao wanaitwa IgE. Wakikutana na kitu wasichokitaka wanapiga kengele: kuwashwa, vipele, uvimbe, na mara nyingine mtu anakosa pumzi. Kipimo cha kawaida cha damu kinauliza swali moja tu: je, wapo askari wanaoshika karanga?

Shida ni kwamba karanga si kitu kimoja. Ndani yake zipo protini nyingi, na ukali wake haulingani. Moja inaitwa Ara h 2, hiyo ndiyo inaogopwa sana, kwa sababu haivunjiki upesi jikoni wala tumboni. Nyingine, Ara h 8, inafanana na chavua ya mti fulani wa Ulaya. Mwenye kuishika hiyo peke yake mara nyingi anawashwa mdomo, basi.

Mwaka 2002 watafiti wa Vienna, Austria, na wenzao walionyesha namna ya kuziuliza protini nyingi kwa mpigo. Wanachukua kioo, kama kile tunachopakwa damu ya malaria, mashine inaweka juu yake vidoti vidogo sana, kila kidoti na protini yake. Aina moja iliyokuja baadaye ilikuwa na protini 112: za karanga, maziwa, mayai, samaki, hata za vumbi la nyumba. Maji ya damu yanayotumika hayafiki tone moja. IgE inashika kidoti inachokijua, kisha inamwagwa dawa yenye rangi ya kung'aa, na mashine inasoma vidoti vilivyowaka. Ni kama sisi tunavyoita majina darasani, aliyepo anaitika.

Sasa sikieni ya Ghana. Watoto wa shule zaidi ya 1,600 walipimwa, matokeo yakatolewa mwaka 2013. Karibu 17 katika kila 100 walikuwa na IgE ya karanga kwenye damu, lakini walipochomwa ngozi kidogo kwa karanga, waliovimba walikuwa kama 2 tu katika 100. Kumbe IgE nyingi zilikuwa zinashika sukari zilizobebwa na protini za mimea, na sukari za namna hiyo zipo pia kwa minyoo ya kichocho. Mwili ulijifunza kwa minyoo, halafu ukaitikia karanga bila madhara. Kwa sisi tunaooga mitoni na ziwani, habari hii si ya mbali.

Lakini hata hicho kioo hakikati kesi peke yake. Daktari anaanza na kuuliza: alikula nini, baada ya dakika ngapi, ikawaje? Vipimo vinarudiwa pia mtoto akikua, maana wengi wenye aleji ya maziwa au mayai huachana nayo.

Kipimo hicho hapa kwetu hakipo, ila maswali hayo hayahitaji mashine. Chukueni karatasi ya daftari, andikeni chakula, saa na kilichotokea, mje nayo siku ya mizani kabla ya kukataa pakiti. Mtoto akivimba midomo au ulimi, akihema kwa shida, au akilegea muda mfupi baada ya kula, msingoje karatasi: mkimbizeni zahanati, hata usiku. Na chakula hicho msimjaribishie tena nyumbani.