Presha ya Petroli Ikizidi, Fuata Njia ya Kurudi

Pickup ya petroli iliyokwisha kula chumvi nyingi ikianza kutoa moshi mweusi, kunuka petroli na kumaliza tenki kabla ya safari kuisha, gereji nyingi huanza na plagi. Plagi mpya nazo zikishika masizi, zinafuata nozeli, kisha sensa, na mwishowe mwenye gari anaambiwa kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Kila hatua ina bei yake, na muda wote huo geji ya presha haijafungwa kwenye reli ya petroli hata mara moja. Inaniuma kuona mtu akilipia vipuri vinne vizima ili kutibu ugonjwa ambao haujapimwa. Presha ya petroli iliyozidi hupimwa kwa dakika chache, na chanzo chake mara nyingi si pampu, si nozeli, na wala si regyuleta. Ni njia ambayo petroli inapita kurudi kwenye tenki.

Nachukua mfano wa Toyota Hilux zenye injini za 22R-E na 3RZ-FE, kwa kuwa mfumo wake ni wa kawaida na magari mengine ya rika lake yanafanana nao. Pampu inasukuma petroli kupitia filta hadi kwenye reli, lile bomba fupi linalozigawia nozeli. Pampu haijui injini inataka kiasi gani. Inasukuma tu, na sehemu kubwa ya petroli inayofika kwenye reli haichomwi. Inapita kwenye regyuleta na kurudi ilikotoka. Ndani ya regyuleta kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na springi. Presha ikiishinda springi, valvu inafunguka na petroli ya ziada inashuka kwenye bomba la kurudishia. Upande wa springi umeunganishwa na manifoldi ya hewa kwa mpira mwembamba. Gari likiwa kwenye sailensi, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, manifoldi inavuta kwa nguvu, springi inapunguziwa kazi, presha inashuka kidogo. Ukikanyaga mafuta, mvuto unapungua na presha inapanda. Shabaha yake ni kuifanya tofauti ya presha kati ya ndani na nje ya nozeli ibaki ileile wakati wote, ili kontroboksi ipime petroli kwa muda wa kufungua nozeli peke yake.

Ubaya ni kwamba kontroboksi ya magari haya haina sensa ya kuiambia presha ni ngapi. Inaamini iko sawa. Presha ikitoka psi 40 ikafika 60, nozeli iliyofunguliwa kwa muda uleule inapitisha petroli zaidi kwa karibu asilimia 22, maana mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha. Gari lenye sensa ya oksijeni iliyo nzima litajitahidi kufupisha muda wa nozeli, na tatizo linaweza kujificha kwa miezi. Gari lisilo na sensa hiyo, au ambalo sensa yake iling'olewa siku ekzosi ilipochomelewa, halina kinga yoyote. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye sampu. Chomoa kijiti cha oili ukinuse: kiwango kikiwa kimepanda bila mtu kuongeza, na oili ikinuka petroli, usiendelee kuliendesha gari hilo.

Kabla ya kupima, ondoa presha iliyobaki kwenye mfumo. Toa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini iache ijizimikie, piga starta kidogo tena, kisha fungua waya hasi wa betri. Fanyia kazi hii nje, mahali penye upepo, na kamwe si juu ya shimo la gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka shimoni na kukaa humo ukisubiri cheche. Taa ya globu iliyozoeleka chini ya magari iwekwe mbali, na kizimamoto cha poda kiwe karibu na mkono. Kwenye Hilux geji hufungwa pale petroli inapoingilia kwenye reli au kwenye filta, palipo na ile bolti yenye tundu katikati. Washa zake za shaba zisirudiwe. Weka mpya, kwa kuwa washa iliyokwisha kubanwa mara moja huvuja tone kwa tone juu ya injini ya moto.

Betri ikisharudishwa, kuna njia nzuri ya kuendesha pampu bila kuwasha injini. Fungua kile kisanduku cha kupimia kilicho chini ya boneti, unganisha tundu la +B na la Fp kwa kipande cha waya, kisha zungusha swichi hadi pale taa za dashibodi zinapowaka. Utasikia pampu ikinguruma na mpira wa petroli utakuwa mgumu mkononi. Kwa injini hizi geji isome kati ya psi 38 na 44, yaani baa 2.6 hadi 3. Ondoa waya, washa injini: kwenye sailensi isome takriban 31 hadi 37. Sasa chomoa ule mpira mwembamba wa regyuleta na uuzibe kwa kidole. Presha iruke papo hapo kwa psi 8 hadi 10. Kitabu cha matengenezo cha gari lako kikisema tofauti, kifuate hicho.

Mwinuko wa mahali nao una neno lake hapa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mvuto wa manifoldi ni mdogo kuliko ule wa Dar es Salaam au Mombasa. Kwa hiyo gari lilelile lenye regyuleta ileile litasoma juu kwa psi 2 au 3 kwenye sailensi likiwa Nairobi. Usimtoe mtu fedha kwa tofauti hiyo. Vilevile, 22R-E ina valvu ya umeme ambayo injini ikiwashwa ikiwa na moto sana hukata mvuto kwa muda mfupi, makusudi, ili presha ipande na petroli isichemke ndani ya reli. Subiri kidogo ndipo usome.

Namba za geji zinatosha kupunguza washukiwa. Mpira wa mvuto uliopasuka, uliochomoka au ulioziba hauwezi kuipandisha presha kupita ile ya bila mvuto, kwa hiyo mwisho wake ni 44. Kama sailensi inasoma 41 na haibadiliki unapouchomoa mpira, tafuta kosa hapo kwenye mpira: weka kidole mwishoni mwake uone kama unavuta. Ukivuta vizuri na presha bado haitikisiki, tatizo limo ndani ya regyuleta. Lakini kama geji inasoma 55, 60 au 70, achana na mpira wa mvuto kabisa. Huko petroli imekosa pa kupitia, na zimebaki sehemu mbili za kuangalia: ama valvu ya regyuleta haifunguki, ama inafunguka na mbele yake pameziba.

Jinsi ya kuzitenganisha ni rahisi, na ndicho kipimo ambacho karibu kila mara hurukwa. Ondoa presha tena, chomoa mpira wa kurudishia unaotoka kwenye regyuleta, na mahali pake funga mpira mrefu unaoingia kwenye chombo safi cha chuma kilichowekwa chini, mbali na injini. Endesha pampu kwa +B na Fp kwa sekunde 10 tu; pampu nzima humwaga zaidi ya lita 1 kwa dakika, hivyo kinachohitajika ni mtu mmoja kwenye swichi na mwingine kwenye geji. Presha ikishuka hadi 40 na petroli ikatoka kwa wingi, regyuleta haina kosa lolote. Kizuizi kiko kati yake na tenki. Presha ikibaki juu huku petroli ikichuruzika kidogo tu, basi regyuleta ndiyo mbovu, na sasa una haki ya kununua nyingine.

Kwenye barabara zetu, kizuizi cha nyuma nakitarajia zaidi. Bomba la kurudishia ni jembamba, kwa kawaida milimita 6 dhidi ya 8 za lile la kupeleka, na linafuata chesi likiwa wazi kwa mawe. Jeki iliyowekwa vibaya hulibonyeza. Likaguliwe kwa vidole urefu wake wote, kwa kuwa bonyeo linaweza kuwa upande wa juu ambao jicho halifiki. Mpira wa zamani ni hila zaidi: nje unaonekana mzima, ndani tabaka limebambuka na kujikunja mithili ya kope, likifunga kila petroli inapopita. Halafu kuna kazi ya fundi aliyetangulia. Kuuminya mpira wa kurudishia ni njia inayojulikana ya kupima kama pampu ina nguvu. Ukiminywa kwa koleo la meno, mpira hubaki na jeraha, na mara nyingine kibanio husahaulika palepale. Mwisho kabisa ni ndani ya tenki, ambako kutu na matope ya madumu huziba mdomo wa bomba.

Kulijaribu bomba, fungua kifuniko cha tenki na upulize hewa ya pampu ya mkono ya tairi kuelekea nyuma. Ipite bila kukaza, na kwenye tenki usikie hewa ikitoka. Usipulize wala kunyonya kwa mdomo. Tabia hiyo ya kufyonza petroli imezoeleka mno, na petroli ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua.

Ikiwa ni regyuleta kweli, nunua kwa namba ya kipuri. Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Kirinyaga Road au Kisekka utaoneshwa kadhaa zinazofanana kwa umbo na nyuzi za bolti, lakini zipo za baa 2.5, za 3 na za 3.5, na tofauti iko kwenye springi ambayo huioni. Pampu isiyo ya gari hilo nayo huleta balaa hilihili: ikisukuma kuliko bomba linavyoweza kurudisha, geji itapanda hata kama kila kitu kingine ni kipya. Na mpira wa kubadilishia uwe wa mfumo wa nozeli, ulioandikwa R9, si ule wa kabureta. Wa kabureta ukitumika upande wa presha huvimba kwa joto la chini ya boneti na kupasuka usipotegemea.

Kazi ikiisha, zima injini ukiwa bado na geji. Baada ya dakika 5 presha isiwe chini ya psi 21. Ikishuka haraka kuliko hapo, kuna nozeli au valvu ya pampu inayovuja. Kisha badilisha oili na filta yake siku hiyohiyo, kwa maana petroli iliyokwisha kuingia kwenye sampu haiondoki yote kwa injini kupata moto, na bearing za krankishafti ndizo zinazobeba mzigo wa oili iliyozimuliwa.