Tukuyu Jasho Lipo, Mchezo Ndio Umeingia Mitini

Oya wana, tuanze na ishu ya jimu. Kila mchizi wa Tukuyu akienda kuhaso Dar miaka miwili mitatu, akirudi Krismasi anashuka stendi na wazo lilelile: afungue jimu. Vyuma, vioo ukuta mzima, spika zinadunda, malipo kwa mwezi. Simkatishi mtu tamaa, mchongo ni mchongo. Ila huu mji umekaa mgongoni mwa kilima, mita 1,500 na ushee kutoka usawa wa bahari, na kitu kinachoitwa tambarare hapa labda ukikute kwenye meza ya pool. Ukitumwa chumvi tu umeshapanda na kushuka. Bi mkubwa wa Kinyakyusa anateremka shamba na jembe begani, anapandisha na mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni, na njiani anapiga umbea na shoga yake bila kuhema. Huyo mwambie atoe hela akanyanyue vyuma, atakuuliza nani kakuroga.

Ndio maana nikisikia mtu anasema watu wa wilaya yetu ya Rungwe wahamasishwe kutoa jasho, nacheka kwanza. Jasho tunalo, tungeweza hata kuuza nje. Kilichoingia mitini ni mchezo, hasa wa madogo. Na msije mkavichanganya hivyo vitu viwili.

Cheki hii. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za kuuchakarisha mwili mpaka ahemee juu juu, na walau siku 3 za wiki ziwemo zile shughuli za kukomaza mifupa na misuli, kama kuruka na kukimbia. Mtu mzima dakika 150 kwa wiki zinamtosha kuanzia. Utafiti wao uliotoka 2019 ulipiga hesabu ya dunia nzima: kati ya vijana 100 wa miaka 11 hadi 17, 81 hawafiki hapo. Masista ndio wameachwa nyuma zaidi. Kwao wasiofika ni 85, kwa wana ni 78.

Sasa ishushe hiyo hesabu huku kwetu uone inavyochekesha. Dogo wa Isongole, kwenye viazi huko juu, anatoka home ukungu bado umelala barabarani. Anatembea hadi shule, akirudi kuna kuni, kuna maji, kuna majani ya ng'ombe. Zile dakika 60 kazimaliza kabla kengele ya kwanza haijagongwa. Kwenye makaratasi huyo ni fiti kuliko madogo wa Ulaya nzima. Lakini muulize lini mara ya mwisho amecheza mpaka akasahau njaa. Ndoo ya lita 20 inakaza shingo, sawa, ila huwezi kuipiga chenga. Haina timu, haina kelele, haina kuibiana bao na kugombana na kupatana kabla jua halijazama. Dogo akibeba mzigo anajifunza kuvumilia. Kucheza na wenzake kunamfundisha kuishi na watu, na hilo la pili ndilo tunalomuibia.

Dogo wa mjini kati yeye hana hata hilo jasho la ndoo. Asubuhi kapakizwa boda, wako watatu wamebanana kama mishikaki, mpaka geti la shule. Jioni tuisheni. Jumamosi tuisheni tena, maana mshua kasikia dogo wa jirani kapata A tupu. Akirudi home anapewa simu ili atulie, na kweli anatulia, tena anatulia sana. Mtaani tunaita hiyo malezi bora.

Halafu kuna sisi masela. Hapa naomba tusemane ukweli bila kununiana. Mwana anakaa juu ya boda kuanzia alfajiri hadi usiku, mgongo umepinda, anakula chipsi mayai hapohapo juu ya tangi. Pikipiki ikipumzika, anasuka mkeka wa kubeti. Anaijua kichwani first eleven ya timu ya daraja la pili huko Uturuki, anajua na beki gani ana nyonga mbovu, ila yeye mwenyewe mpira wa mwisho kaugusa akiwa darasa la saba. Presha ikimkamata kwenye miaka 35 anasema ni ya ukoo.

Najua mtu ataleta kisingizio cha mvua. Kweli, Tukuyu inanyesha. Tunakula zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, tuko kati ya sehemu zinazolowa kuliko zote nchini, na kuna wiki jua linakuja kama mgeni wa kupiga hodi na kuondoka bila kunywa chai. Lakini mvua hiyohiyo ndiyo iliyotulea. Pekupeku kwenye tope jekundu, mpira umekunjwa kwa majani makavu ya mgomba na kukazwa kwa kamba zake, goli mawe mawili, kipa ndiye mnene au mwenye mpira. Ile chandimu haikuwa na ratiba wala refa. Iliisha mama akiita kwa sauti ya tatu, ile ambayo kila mtoto wa mtaani anaijua.

Na kwenye mpira ndiko Mnyakyusa huanzaga kujidai, ila safari hii mwacheni, ana haki. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, walibeba ubingwa wa Tanzania Bara. Msimu wao wa kwanza tu kwenye ligi kubwa! Simba yupo, Yanga yupo, wakongwe wa Pwani wote wapo, halafu kombe linapanda Kitonga, linapita Mbeya, linakuja kulala kwenye migomba. Kuna wazee hapa ukiwatajia mwaka ule wanasimama, hata kama walikuwa wanaumwa miguu. Leo Banyambala hawapo ligi kuu na vijana wengi wanawajua kwa stori tu. Mimi ninachojiuliza kila nikisikia stori ile siyo nani alifunga. Najiuliza mji mdogo namna hii, enzi zile hakuna akademi, hakuna buti za maana, ulitoa wapi mabingwa wa nchi. Jibu ninaloliona ni rahisi: mabonde yalikuwa yamejaa madogo wanaocheza. Ukiwa na madogo elfu kwenye tope, kumi na mmoja watajichomoza wenyewe. Ukiwa na madogo kumi na mmoja tu kwenye akademi, utaomba Mungu.

Rudi nyuma zaidi. Miaka ya 1930 Monica Wilson na mumewe Godfrey, watafiti wa mila, walikuja kuishi huku Unyakyusa, na mwaka 1951 mama huyo akatoa kitabu, Good Company, kuhusu kitu ambacho hakikuwa cha kawaida kabisa Afrika. Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya rika. Dogo wa kiume akifika miaka 10 au 11 hivi, anaacha kulala kwa baba yake, anakwenda na wenzake wa umri wake kujenga vibanda vyao pembeni. Mchana wanalima shamba la mzee. Msosi wanakula kwa genge, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Raha ya kukaa pamoja na wenzako, ukwangala, ilihesabiwa kuwa sehemu ya kuwa mtu, na mtu asiyeijua aliangaliwa kwa jicho la wasiwasi. Hebu fikiria: jamii nzima iliamua kwamba dogo analelewa na madogo wenzake. Sisi tumeamua analelewa na YouTube.

Sijasema turudi kwenye vibanda. Isitoshe mfumo ule ulikuwa na kasoro ambayo bado tunaitembeza: mabinti hawakuwemo. Wao walibaki na mama, jembe na chungu. Leo ukipita uwanja wowote jioni, kama upo, utakuta wana ishirini wanakimbia na mabinti watano wamesimama na ndoo wakiangalia. Zile 85 za utafiti usizitafute Geneva kwa Shirika la Afya, zimesimama pale pembeni ya kona.

Serikali nayo imejaribu. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Wazo halina noma. Kigali nao tangu mwaka huohuo wana siku zao za kuzuia magari barabarani ili watu wakimbie. Shida ni kwamba siku ya mazoezi huku wilayani mara nyingi inaishia kwa watumishi, fulana mpya, picha moja, na mwili unasubiri hadi mwezi ujao. Mashuleni kuna mashindano ya UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, ambayo yanaibua vipaji vikali, ila ile ni chekeche. Inachukua wachache wenye spidi na kuwaacha wengi wenye hamu. Dogo mzito, dogo mwenye pumu, dogo asiyejua kupiga danadana, hao ndio walioihitaji michezo kuliko wote, na hao ndio wanaoambiwa wakae wapige makofi.

Mbona kuna vitu vya bure tu vinavyosubiri? Mchakamchaka, kwa mfano. Shule nzima inakimbia inaimba, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, mwalimu naye yumo. Shule zinazoendelea nao zisiuache kwa sababu ya kuwahi vipindi, maana damu ikishachemka darasani hakuna anayesinzia. Kuna kombolela, kuna kamba, na vyote hivyo ni ile mirukoruko inayokomaza mifupa ambayo wataalamu wanaiandikia miongozo. Mfupa unajengwa utotoni na ujanani, ukigongwa gongwa kidogo na ardhi ndio unashtuka na kujikaza. Ukizeeka unatumia tu akiba.

Na tuna mandhari ambayo wazungu wanapanda ndege kuyafuata. Jumapili baada ya kanisa, badala ya kukaa maskani mnatazamana, chukueni madogo wa mtaa mpande Mlima Ngozi. Njia inapita msituni, inateleza, pumzi inakata, halafu ghafla ziwa liko chini kabisa ndani ya shimo la volkano, kijani, kimya. Au nendeni Daraja la Mungu, lile jiwe la lava lililoinama juu ya mto Kiwira, huku mkimshika mkono yule dogo mtundu. Mlima Rungwe wenyewe, mita 2,960, uacheni kwa wakubwa na watu wenye kiongozi na kibali, ni hifadhi ule. Humo anaishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimgundua 2003. Wawindaji wa huku walikuwa wanamjua siku nyingi, na wanasayansi walianzia kwenye stori zao.

Asiyependa kupanda acheze ngoma. Simtanii mtu. Ing'oma ikipigwa vizuri, mzee wa miaka 60 anatoa jasho kuliko mwana wa jimu, na haoni kama anafanya mazoezi. Tulia Ackson, mzaliwa wa hapahapa Rungwe, kupitia taasisi yake ya Tulia Trust amewahi kuleta Tukuyu tamasha la ngoma za asili, na Mbeya mjini kuna mbio zake, Tulia Marathon. Mbio zina mzuka, na tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, akimzidi Mjerumani kwa vipande vya sekunde, kila kijiwe kina mchambuzi wa riadha. Lakini kati ya mbio na ngoma, mimi kwa mtaa nachagua ngoma. Mbio unakwenda na kiatu, ngoma bibi na mjukuu wanaingia duara moja wote na ndala.

Jambo moja la kukazia kwelikweli: ardhi. Hapa ndipo ninapotaka masela waache utani. Huku kila kipande kina mgomba, chai au parachichi, na sasa parachichi lina bei, hakuna anayeacha sehemu tupu ili watoto wapige kelele. Uwanja ukishakatwa viwanja vya nyumba haurudi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu, na sisi vijana hatuendi, tunawaachia wazee halafu tunalalamika kijiweni. Nenda. Salimia vizuri, kaa chini, subiri zamu yako, halafu uliza eneo la wazi la kijiji liko wapi kwenye ramani na nani analilima. Ukiuliza kwa adabu watakujibu, na wakishajibu mbele ya watu imeandikwa kwenye muhtasari.

Mkishapata hata kona ya uwanja wa shule kwa saa moja jioni, anzeni na rede. Inahitaji soksi kuukuu zilizojazwa matambara, chupa, na mchanga wa kuijaza wakati wawili wanakurushia mpira huku na huku. Wana nao waingie, wataumbuka kidogo, mabinti ni wakali mno pale katikati. Na mkibishana kama mpira uligusa au haukugusa, msigombane, muiteni bi mkubwa yeyote anayepita na mkungu wake. Atautua chini, atawapa hukumu, na ikiwezekana atawaomba mumpe raundi moja.