Ukienda tamasha Kilifi: tiketi, chaji na nauli ya kurudi

Desemba ikifika ukingoni, kuna watu wanaojaza matatu kutoka Mombasa kuelekea kaskazini, kama kilomita 60 hivi, mikoba mgongoni na hema mkononi. Wanaenda tamasha la muziki la mwaka mpya linalofanyika nje, chini ya mibuyu, upande wa Takaungu. Wengi hulala hapo hapo hadi mwaka mpya uingie. Ni raha, sina shaka. Lakini pia ni siku kadhaa ambazo pesa zako zote ziko ndani ya simu moja, gizani, katikati ya umati.

Shida nyingi huanza kabla hata hujapanda gari. Chicago wana tamasha kubwa la blues pale Millennium Park na kuingia ni bure, kwa hivyo hakuna wa kukuuzia tiketi feki. Huku kwetu matamasha mengi ni ya kulipia, na tiketi zikianza kupungua, wajanja wanatokea. Rafiki yangu mmoja aliona tangazo mtandaoni: "nimekwama kazini, nauza tiketi yangu nusu bei." Akaingiza namba, jina likatokea kwenye skrini, na halikuwa jina la yule aliyekuwa akichati naye. Akaambiwa ni laini ya shemeji. Akabonyeza. Mpaka leo shemeji hajapatikana.

Lile jina linaloletwa kabla pesa hazijatumwa ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kusimama. Lisome lote. Kama unanunua tiketi, tumia njia ya malipo iliyotangazwa na waandaaji wenyewe kwenye kurasa zao, na jina la till au paybill lilingane na lao. Ukishatuma kwa mtu kimakosa, sambaza meseji ya M-Pesa kwenda 456 mara moja kuomba pesa zirudishwe. Fanya haraka, kwa sababu aliyepokea akishazitoa kwa ajenti, kuzipata ni shughuli nyingine kabisa.

Sasa umefika. Muziki uko juu, mama wa viazi karai ana foleni, kijana wa madafu naye anaita. Ukilipa kwa till ya Lipa na M-Pesa hukatwi ada, ila ukituma kwa namba ya kawaida ada ipo kwa kiasi kinachozidi shilingi 100. Vitu vidogo vidogo vya siku tatu vikijumlishwa, utaona tofauti.

Kitu kinachowasumbua watu zaidi ni usiku wa manane wenyewe. Kila mtu anapiga, anatuma picha, anatakia mama yake heri ya mwaka mpya, na mtandao unalemewa. Unalipa, meseji haiji. Muuzaji anakutazama. Unalipa tena. Asubuhi unakuta umekatwa mara mbili. Meseji kuchelewa haimaanishi pesa hazijaenda. Muamala unaweza kuwa umekamilika na ujumbe ndio umekwama njiani. Kwa hivyo usirudie. Piga *334# uangalie salio kwanza, na hiyo haihitaji bando. Kama salio limepungua, pesa zimeshatoka.

Na wewe unayeuza, usitoe chakula kwa kuonyeshwa skrini ya mteja. Meseji ya kughushi huandikwa kwa dakika moja tu, na msimbo wa herufi na namba kumi ukiwemo. Subiri ujumbe uingie kwenye simu yako, kutoka MPESA, siyo kutoka namba ya mtu. Mteja mkweli hatakasirika, na akikasirika, heri lawama kuliko hasara ya sahani kumi.

Simu ikipotea je? Azima ya rafiki mwenye laini ya Safaricom, piga 100 uombe laini ifungwe. Usingoje kucheche. Na PIN isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, tafadhali, maana kitambulisho nacho kiko kwenye pochi ile ile.

Nitasema jambo ambalo huenda hukutarajia kulisikia kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo ya simu: beba noti kidogo. Nauli ya tuktuk au boda hadi stendi ya Kilifi, na ya matatu kwenda Mombasa au Malindi, iweke kwenye soksi au ndani ya hema. Betri ikiisha, salio la elfu tano halikusaidii kitu. Kabla ya kuondoka nyumbani jaza chaji pawa benki, na muulize dereva wa boda bei mchana, kabla kiza hakijaingia na bei haijapanda.